Mpira Ulikuwa Wangu

Pale kantini ya shule ninapopika, sinia likimponyoka mtoto na maharage yakamwagika, wenzake hawamwambii pole. Wanapiga kelele kwa pamoja, chumba kizima: "Hruska!" Halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Watoto wa miaka kumi, waliozaliwa jambo lenyewe limeshapita zamani. Wamelirithi kwa baba zao. Na mimi niliyesimama nyuma ya sufuria na upawa mkononi ndiye Hruska mwenyewe, jina limeshonwa kwenye aproni, kifuani. Wengine wakishaniona huona haya. Wengine wala.

Mume wangu ni Milo Hruska. Kama umekulia hapa Port Harlan, au popote Ohio panapotazamwa mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa kwa mikono, huna haja nikueleze zaidi, umeshaguna tayari. Basi guna umalize, kisha unisikilize, maana mimi nimenyamaza miaka kumi na minane na koo linaniwasha.

Milo alizaliwa nyuma ya kiwanda cha chuma. Baba yake alikuwa mchomeleaji, mama yake alipika kabichi na tambi siku sita za wiki, na ya saba alipika kabichi bila tambi. Sijui alimlisha nini kingine, lakini kufika miaka kumi na mitatu Milo alikuwa akiinama kupita mlangoni. Shuleni wakampa mpira, wakamweka katikati ya mstari wa mbele, na hapo katikati alikaa mpaka akafika timu kubwa, Wafua Chuma wa Port Harlan, timu ambayo watu wa hapa huwazika wazee wao wakiwa wamewavalisha skafu yake.

Kazi ya mtu wa katikati ni hii. Unainama, makalio juu, mpira umeushika pale chini. Mrushaji, yule anayewarushia wenzake mpira, anasimama nyuma yako, viganja vyake viwili amevitega chini ya matako yako, hana haya na wewe huna haya. Akitoa sauti, unaupitisha mpira kati ya miguu yako mpaka umpige kiganjani, paa! Hapo hapo, kabla hujainua kichwa, jitu la ratili mia tatu na ishirini limeshakugonga uso kwa uso. Unaamka, unafanya tena. Mara sitini kwa mchezo mmoja. Mrushaji akirusha vizuri, mji mzima unaimba jina lake. Wewe hata mama yako mzazi anakutafuta kwa namba ya mgongoni.

Na mrushaji ana wajibu mmoja tu katika shughuli hiyo ya kupokea: asitoe mikono kabla mpira haujampiga. Basi. Hata mimi mpishi naweza.

Watu wa mstari wako watano, na wana sheria zao ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza ni kwamba mrushaji hakosei. Akikosea, basi mmoja wenu ndiye aliyekosea, na atasema hivyo kwa mdomo wake. Nilipoolewa nilidhani ni mzaha. Kumbe ni dini.

Mrushaji wetu alikuwa Grady Tolliver. Alikuja kutoka Tennessee akiwa kijana mwembamba, meno meupe, adabu nyingi, "shikamoo mama" kwa kila mwanamke mwenye mvi. Watu wakamwita Jemadari. Sitakudanganya eti alikuwa mtu mbaya, maana hapo ndipo panaponiuma. Kila Alhamisi watu wa mstari walikuwa wakila kwangu, na Grady alikuwa anakuja nao. Alikula kabichi yangu ya kuviringishwa nyama, akalamba sahani, akaosha vyombo. Alikuwa akimwita Milo kaka. Mimi aliniita shemeji, na nilimkatia kipande kikubwa kuliko wote kwa sababu nilimwonea huruma, alikuwa mbali na kwao.

Mchezo wenyewe ulikuwa Januari, wa kuingia fainali, hapa nyumbani, theluji inamwagika. Tulikuwa nyuma kwa alama nne, na bao moja ni alama sita. Zimebaki sekunde tisa, na mpira uko hatua moja kutoka mstari wa bao. Hatua moja! Bibi yangu na mkongojo wake angeuvusha. Grady akaona upenyo upande wa kulia, akashikwa na haraka ya kuukimbilia, na akatoa mikono. Nusu ya kufumba jicho. Milo aliupitisha mpira kama alivyoupitisha mara elfu kumi, ukapita pasipo na mtu, ukaanguka thelujini. Mtu wa upande wa pili akaulalia. Kwisha habari.

Kamera zilikuwa juu na pembeni. Zilichoonyesha ni makalio ya mume wangu, kisha mpira chini. Kwa hiyo mji mzima uliona makalio ya mume wangu na ukahukumu.

Kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, waandishi walimzunguka Grady kwanza. Iko kanda yake, nimeitazama mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Mmoja anauliza, "Jemadari, imekuwaje pale?" Grady anafungua mdomo, halijatoka neno. Kabati la pili yuko Milo, hajavaa hata shati, pua inavuja damu. Anasema, "Mpira ulikuwa wangu. Niulizeni mimi." Wote wakamgeukia kama kuku waliotupiwa mtama. Na Grady? Grady akaendelea kufunga tai. Aliifunga vizuri sana ile tai.

Mimi nilikuwa nikiwangoja kwenye maegesho, ndani ya pikapu yetu. Milo akaja pamoja na Otis Pettway, yule wa Alabama aliyecheza kushoto kwake, bega kwa bega naye miaka yote. Nyuma yao akaja Grady mbio, koti halijafungwa, macho mekundu.

"Nilitoa mikono, Milo," akasema. "Niliitoa mapema."

"Najua," Milo akajibu. "Sikuusikia mpira ukigonga."

"Nikisema sasa hivi watanitafuna, kaka. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu. Hawatanipa mwingine."

"Nani amekwambia useme?"

"Hapana, nisikilize. Siku nitakayovua hii jezi, siku hiyo, mbele ya watu wote, nitasema. Naapa. Shemeji, wewe shahidi."

"Nimekusikia, Grady," nikamwambia. Na Otis alisikia pia, alikuwa ameshika mlango wa gari. Akatazama viatu vyake tu.

Krismasi mrushaji huwapa watu wake wa mstari zawadi. Ni mila. Mwaka huo wenzake walipata saa, Milo akaletewa jiko la kuchomea nyama, la chuma, kubwa kama jeneza, wanaume wanne walilishusha. Sijalichomea hata soseji moja. Lipo uani mpaka leo linaota kutu, na kila nikipita na nguo za kuanika nalipiga teke.

Miaka miwili baadaye timu ikamwacha Milo, kwa simu. Grady akapata mtu mwingine wa kuinama mbele yake, akachukua kombe, akachukua na la pili. Jina lake likapanda, likawa barabara, likawa sandwichi. Milo akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Chuck Brandl. Basi ikawa kila siku ya Mungu.

"Jamani, kioo hicho msimpe Milo!"

"Milo, nipe misumari, lakini ishike vizuri, baba, isije ikakuponyoka!"

Milo anacheka nao. Nikamuuliza siku moja, "Unacheka nini na hawa mafala?"

"Nisipocheka watasema nina kinyongo."

"Sasa huna?"

"Wa nini? Grady ameahidi."

Mara moja tu uvumilivu ulinishinda. Nilikuwa kaunta, nalipia balbu, Chuck Brandl akatoa mzaha wake ule ule, nami nikamwambia yote, alivyotoa mikono, alivyolia maegeshoni, alivyoapa. Chuck akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mama, mke asipomtetea mumewe, nani atamtetea?"

"Nilikuwepo, Chuck. Alisema mbele yangu."

"Jemadari ana makombe mawili kabatini. Mumeo ana nini?"

Dua la kuku, hilo, halimpati mwewe. Na nyumbani Milo hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Mstari hausemi, Rhonda." Nikamjibu, "Mimi si mstari, mimi ni mkeo." Lakini sikurudia tena. Nikaamua kungoja, kama anavyongoja yeye.

Loh! Nani alijua kuvua jezi ni kazi ngumu namna hii? Mara ya kwanza Grady alipotangaza anastaafu, Milo alivaa suti kutazama televisheni. Suti na tai, kwenye kochi, nyumbani kwake. Grady akalia dakika arobaini. Akamshukuru Mungu, mwenye timu, mama yake, mkanda wake wa mgongo, mpishi wake, na mbwa. Mbwa, kwa jina! Mimi nakunja ngumi kwenye mto. Ilipokwisha, Milo akalegeza tai. "Hili atalisema siku namba yake itakapopumzishwa, isivaliwe na mwingine," akasema. "Ndiyo siku yake hasa." Baada ya wiki sita Grady akarudi uwanjani, eti ameukumbuka mpira. Akastaafu tena, akarudi tena. Mara tatu! Wako watu hawajaoa mara tatu. Na kila mara Milo suti, kila mara kochi, kila mara tai ikalegezwa.

Ni katika kungoja huko kichwa chake kilipoanza kumtoka. Siku moja Chuck alinipigia kwamba Milo hajafika kazini. Nikamkuta kwenye maegesho ya duka la samani, mahali ulipokuwa uwanja wa zamani kabla haujabomolewa. Amekaa ndani ya pikapu, begi la mazoezi miguuni, anangoja geti lifunguliwe. "Leo wamechelewa," akaniambia. Daktari alimpiga picha za ubongo, akanieleza taratibu, akanieleza tena. Kichwa kimegongwa mno. Kitakuwa kinakuja na kuondoka, kisha kitakuwa kinaondoka tu.

Hapo nikajua sina muda. Sikutaka kingine chochote kwa Grady Tolliver, nataka hilo lieleweke. Nilitaka aseme maneno matatu, "Nilitoa mikono mimi," na Milo awepo, na Milo ayaelewe. Yakisemwa baada ya hapo, yatakuwa ya kumsomea maiti. Nikamwandikia barua, kwa mkono, kurasa mbili. Nikamwambia, Milo anasahau, ahadi ni deni, kama utasema basi sema haraka. Baada ya mwezi ikaja bahasha kubwa. Ndani mna picha ya Grady akirusha, na sahihi, na maneno: "Kwa familia ya Hruska, asanteni kwa kuniunga mkono." Nilikaa jikoni na ile picha mpaka viazi vikaungua.

Basi msimu huu uliopita, mwezi wa tisa, binti mmoja kutoka ofisi ya timu akapiga simu. Sauti tamu kama juisi. Namba kumi na nne, ya Grady, inapumzishwa Oktoba, wakati wa mapumziko ya mchezo, hakuna atakayeivaa tena daima. Na Jemadari angependa, kwa mara ya mwisho, apokee mpira kutoka kwa Milo, mbele ya watu wote. Kisha atazungumza.

"Atazungumza nini?" nikauliza.

"Kutoka moyoni, mama."

Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha. Ndiyo, mimi, na akili zangu timamu. Nikasema kumbe barua aliisoma. Kumbe alikuwa akiitafuta siku yenyewe. Nikaomba radhi kimoyomoyo kwa kila jina nililomwita.

Wiki tatu tulifanya mazoezi uani. Mimi ndiye Grady. Naja kutoka kantini, sijavua hata aproni, nasimama nyuma ya mume wangu, natega viganja pale panapotegwa, jirani anachungulia juu ya ua na kuuliza kama tuko salama. Milo wa asubuhi alikuwa amenisahau jina. Milo wa kuinama hakusahau kitu. Natoa sauti, mpira unakuja, paa, mahali pale pale, mshono umenilalia vidoleni. Mara mia, mara mia mbili. Hakukosa hata moja, na mwili wake ulivyo, magoti yanalia kama mlango wa ghala.

"Usitoe mikono," ananiambia. "Ngoja ukupige. Uache ukupige kwanza, ndipo uende."

Siku moja mbwa wa jirani akabweka ghafla karibu na mguu wangu, nikashtuka nikarudi nyuma. Mpira ukaanguka kwenye majani makavu. Kabla sijasema kitu, Milo, bado ameinama, hata hajageuka, akasema, "Wangu. Pole. Huo ulikuwa wangu."

"Milo, ni mimi niliyetoa mikono."

"Hapana, hapana. Wangu."

Nikasimama pale na mikono mitupu. Hilo lilikuwa onyo. Lakini sikutaka kujua, nilikuwa na furaha yangu.

Siku ikafika. Jua, baridi kidogo, watu elfu sabini. Otis alikuja kutoka Alabama, magoti yote mawili ya bandia, akanikumbatia. "Shemeji, leo anasema?" akaninong'oneza. "Leo," nikamwambia. Nikamfunga Milo tai. Asubuhi hiyo kichwa chake kilikuwa chepesi, alijua mwezi, alijua mji, aliniita Rhonda mara nne. Nikamshukuru Mungu.

Mapumziko yakafika, wakawaita watu wa mstari, wakatoka wazee wanne wanachechemea na mume wangu katikati. Lilipotajwa jina la Milo uwanja uliguna, wengine wakazomea, ile ya mzaha. Nilikuwa pembeni mwa uwanja, hatua kumi. Grady akaja na suti ya kijivu, nywele zote zipo. Milo akainama. Jamani, nilishika pumzi kama najifungua. Grady akatoa sauti, mpira ukaenda, na niliusikia, mimi niliusikia kwa masikio yangu ukimgonga viganjani, paa. Akaurusha juu kwenye majukwaa, watu wakalipuka.

Kisha akashika kipaza sauti. Akamshukuru mwenye timu. Akashukuru mji. Akamvuta Milo karibu, mkono begani.

"Huyu ni Milo Hruska," akasema. "Mmeona? Leo hakuuangusha!"

Elfu sabini wakacheka. Kicheko kama gari la mawe linalomwaga mzigo. Grady akangoja kiishe, anajua kungoja.

"Miaka kumi na minane watu wananiuliza kama nina kinyongo. Basi leo, Milo, mbele ya Port Harlan nzima, nakwambia. Nimekusamehe, kaka."

Akamkumbatia. Na watu wakasimama, wakapiga makofi, wengine wanafuta machozi, Chuck Brandl bila shaka akiwemo. Kwenye ile skrini kubwa uso wa mume wangu ulikuwa mpana kama nyumba, na ulikuwa unacheka. Sikuwahi kuuona umetulia vile. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wahenga walisema. Hawa wamemnyonga na haki wameibeba.

Nilimkuta Grady kwenye ujia wa ndani, anagawa saa. Saa za mkononi, nyuma zimechongwa "Ndugu zangu wa mstari". Otis alikuwa amekuja nyuma yangu. Milo tulimwacha kwenye kiti na keki.

"Uliapa," nikamwambia.

"Shemeji Rhonda!" Akafungua mikono. Sikuingia humo.

"Uliapa mbele yangu, Grady. Maegeshoni. Ulisema utasema."

Akashusha sauti, akatazama huku na huku. "Rhonda, umemwona alivyofurahi? Watu wamempigia makofi. Miaka mingapi hajapigiwa makofi? Kwa nini tumharibie siku?"

"Tumharibie? Ulitoa mikono!"

"Ni zamani mno, shem. Kusema kweli, mimi mwenyewe sikumbuki sawasawa ilivyokuwa."

"Wewe hujaugua, Grady."

Na Otis, ambaye miaka kumi na minane hakuvunja sheria ya mstari hata kwa mkewe, akasema kwa sauti ile ya chini, "Mimi niliiona mikono yako. Ilikuwa imeshatoka. Niliiona."

Grady alimtazama Otis. Kwa kitambo kidogo alikuwa yule kijana wa Alhamisi mwenye sabuni mikononi, nikadhani sasa, sasa hivi. Kisha mpiga picha akatokea kwenye kona, na meno yakarudi mahali pake.

"Otis, njoo hapa tupige picha, kaka," akasema. "Shemeji, sogea nawe."

Otis aliiweka saa yake sakafuni, taratibu, kwa sababu ya magoti, akaondoka. Mimi nilimwambia Grady neno ambalo silisemi kantini. Sijutii.

Njiani kurudi nyumbani Milo alikuwa akiigeuza saa aliyopewa na Grady huku na huku, makombo ya keki kwenye tai. Jua bado lipo. Tukapita daraja, akasema, "Umesikia, Rhonda? Grady amenisamehe."

"Akusamehe nini?"

"Ule mpira. Nilimwangusha vibaya. Fainali tuliikosa kwa ajili yangu." Akatikisa kichwa. "Na hajawahi kunisema, miaka yote. Mtu mwema sana yule."

Nikasimamisha gari kando ya barabara. Nikamshika uso kwa mikono yangu miwili. "Milo, nitazame. Hukuangusha. Grady alitoa mikono. Alikuja akakuambia mwenyewe, analia, mimi nikiwepo. Wewe ulimficha. Ulijitwika lawama wewe ili yeye apone. Unakumbuka?"

Alinitazama muda mrefu. Nilimwona anatafuta, anafungua mlango huu na ule mle ndani. Kisha akanitoa mikono usoni, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akanikasirikia kweli kweli.

"Usimsingizie mtu, Rhonda. Si vizuri. Baada ya wema alionifanyia leo!"

Basi nimebaki mimi. Otis yuko Alabama, na nani atamsikiliza. Grady hakumbuki, au hataki, mimi sioni tofauti. Na aliyedhulumiwa amekwenda upande wao, amewaunga mkono dhidi yake mwenyewe. Tena amepata amani, usiku hasagi tena meno. Ndicho kinachonikaba. Nikimwambia ukweli namnyang'anya usingizi, nikinyamaza nimekuwa Grady wa pili.

Juzi nilirudi kutoka kazini nikamkuta uani, ameinama peke yake karibu na lile jiko la kutu, mpira mkononi, anangoja mtu wa kusimama nyuma yake. Sijui alikuwa amengoja tangu saa ngapi. Mgongo unamtetemeka.

"Grady?" akauliza, bila kugeuka.

"Mimi, Rhonda."

"Haya njoo. Tufanye mazoezi, nisije nikaangusha tena."

Nikaweka mkoba chini. Nikatega viganja. Nikatoa sauti, na mpira ukaja, na niliuacha unipige kwanza, kama alivyonifundisha, mpaka viganja vikaniwasha. Nikaushika kifuani.

"Umefika?"

"Umefika, Milo. Haujaanguka. Hujawahi kuuangusha mpira hata siku moja."

Akainuka polepole, mkono kiunoni, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayedanganywa na mpenzi wake ili asiumie.

"Mara moja tu," akasema. "Lakini nilisamehewa."